Masizi ya Chungu

3 Januari

Binti yangu,

Hujambo? Na hilo tumbo, halijambo? Mimi mzima, goti tu linanigombeza. Shangazi yako anakuja huko, nimempa kikopo. Ni masizi ya chungu changu, nimeyakoroga na mafuta. Mtoto akizaliwa mpake kitovuni asubuhi na jioni, kikauke upesi, dege, yule ndege anayechukua vichanga, asipate pa kuingilia. Shule niliishia darasa la tatu, lakini nimezaa saba.

Mamako

16 Januari

Shikamoo mama,

Sisi hatujambo. Chumba chetu kiko juu ya tanuri la mikate, kwa joto hili mtoto atatoka ameshaiva. Kikopo kimefika. Ila nesi wa kliniki ametuambia kitovu kisipakwe chochote, kiachwe kikauke chenyewe. Nimekiweka juu ya kabati. Usikasirike.

Mwanao

25 Januari

Binti yangu,

Salamu nimezipokea. Na hilo la nesi nimelipokea, limenikwama kooni. Huyo nesi amezaa wangapi? Kitovu chako wewe alikikausha nani, yeye? Mkono uliokulea leo umekuwa mchafu. Au siku hizi mnazaliwa na kliniki? Haya. Dawa yangu ikibaki juu ya kabati, na barua zako baki nazo huko huko.

Mamako

2 Machi

Shikamoo mama,

Natumaini goti limepoa. Alizaliwa wa kiume, ana masikio yako. Nilimpaka kama ulivyosema, asubuhi na jioni. Siku ya sita akakataa ziwa. Siku ya saba taya zikafunga, akawa anakakamaa hata mtu akifungua mlango tu. Hospitali wakasema ni pepopunda, imeingilia kitovuni. Siku ya tisa tukamzika.

Daktari aliniuliza nilipaka nini. Nikamwambia sikupaka kitu. Sikutaka mgeni akuseme.

Maziwa bado yanatoka, mama. Nayakamulia kwenye beseni.

Nakuuliza moja tu. Kaka zangu wawili walionitangulia, wale uliosema walichukuliwa na dege, nao walifunga taya?

Mwanao

9 Julai

Binti yangu,

Sikuulizi hujambo. Barua yako imelala chini ya godoro langu miezi minne, na mimi juu yake sijalala.

Walifunga. Wa kwanza siku ya saba, wa pili siku ya nane. Nyinyi watano mlipona, nikadhani ni masizi. Hao wawili nikamsingizia ndege ambaye sijapata kumwona hata unyoya.

Rudi kwa yule daktari. Mwambie ulipaka, na aliyekulazimisha ni mamako. Usinifiche. Mimi ni mtu mzima, nitasemwa.

Jirani yangu amepata mjukuu. Alikuja na kikombe kuomba dawa, nikamwambia kitovu hakipakwi kitu, aache kikauke. Akasema uzee umenitia uchoyo, na watu wote wa kisimani sasa wananiita mchoyo. Nimewaacha. Kikombe chake kilirudi kitupu.

Chungu nimekisugua kwa mchanga mpaka wekundu wa udongo ukaonekana. Nikipika kinashika tena. Asubuhi nakisugua.

Masikio yangu ni mabaya, yamechomoza. Kwake yalikaaje? Niandikie hilo tu, kama bado unaniandikia.

Bibi yake