Wino Juu ya Maji ya Chumvi

Kamina, 14 Machi 1999

Mpendwa Mjomba Ézéchias,

Leo nimeahidi kukueleza yote, hata ya aibu. Kwanza, hujambo? Kifua kimepona baridi ya huko kwenye bahari ya barafu, kusini kabisa mwa dunia? Bado unatengeneza injini za ile meli ya watafiti?

Sisi ni wazima, ila nyumba imekuwa kubwa. Baba aliondoka Novemba na treni ya wanajeshi kuelekea Kabongo, na mpaka leo hatuna habari zake. Safi, niliyekaa naye dawati moja, amehama na wazazi wake. Sasa dawatini nakaa peke yangu.

Barua yako ya Desemba nimeikariri. Uliandika kwamba barafu ikiyeyuka, maji yake yasiyo na chumvi hutanda juu ya bahari, na mimea midogo isiyoonekana kwa macho hubaki humo karibu na jua. Mwanzoni husitawi hata maji yakawa kijani. Lakini joto likizidi, ile mikubwa kidogo hupungua na ile midogo mno hushika nafasi yake. Uduvi hawawezi kuikamata, basi samaki na ndege nao hukosa chakula.

Darasani hawakuamini. Noé alisema maji ni maji, yakikutana yanachanganyika. Nikachukua chumvi nyumbani, nikaikoroga ndani ya glasi ya maji, kisha nikamimina maji ya mvua yenye wino, polepole, juu ya kijiko. Wino ulibaki juu, buluu kabisa. Madame Valérie, mwalimu wetu, aliita na madarasa mengine waje kuona.

Mjomba, ile ndiyo chumvi yote tuliyokuwa nayo. Tangu treni zisimame haipatikani, na Mama aliipata kwa jirani yetu Mama Djamila kwa kutoa kitenge chake cha harusi. Hakunipiga. Alitazama kopo tupu, akasema, "Chumvi yetu uliitia mu maji ya wino? Basi utaenda ku Mulongo kwa nkambo. Samaki njo batakufundisha."

Nampenda nkambo, mama yenu. Lakini kule mtoni walimu wangu watakuwa samaki kweli, maana shule imefungwa. Mwaka huu wa masomo ukiisha, sitarudi darasani. Mama hasikilizi mtu yeyote ila wewe, kaka yake mkubwa.

Barua hii anaipeleka sista wa parokia hadi Lubumbashi, naye atapokea majibu. Mama anakusalimu, na mdogo wangu Lucien pia. Mungu akushike mkono juu ya maji hayo ya baridi.

Nijibu upesi, Mjomba: utamwandikia Mama aniache nisome?

Mpwa wako anayekuwaza kila siku,
Tshala