Mama Ashika Kipaza Sauti

Tiaret, Jumamosi

Mdogo wangu Zulikha,

Najua huko Marseille unatetemeka, basi pokea joto la nyumbani. Mama mzima, ila magoti yanamgomea ngazi. Jana hayakugoma.

Mkubwa wetu mpya redioni alisema sauti yangu imezeeka. Mechi ya jana ndiyo ingeamua kama nitaendelea kutangaza au nitahamishiwa stoo kupanga kanda. Na timu yetu, kwa utundu wa mashabiki, imeadhibiwa kucheza bila watazamaji. Hata sisi watangazaji tulifungiwa nje. Nikapanda juu ya paa la Mama, panapoonekana uwanja mzima.

Natangaza kwa heshima zote, mara Mama huyo na chapati zake za mhajeb.

"Kula, Laaredj, unakwaruza kama mlango!"

Hewani, Zulikha! Nikamwashiria anyamaze.

"Usinipungie mkono mimi. Mwambie huyo refa avae miwani!"

Dakika ya mwisho tukafunga bao. Nikafungua kinywa, sauti ikakatika kabisa. Mama akaninyang'anya kipaza sauti, akapiga vigelegele mpaka mtaa mzima ukamjibu kutoka mapaani.

Papo hapo mkubwa akapiga simu. Nikajua nimekwisha.

"Yule bibi ni nani?"

"Mama yangu, bwana. Nisamehe."

"Wasikilizaji wanamtaka tena Ijumaa."

"Na mimi?"

"Wewe njoo umtajie majina ya wachezaji."

Kakako mwenye furaha, msaidizi wa Mama,
Laaredj