Simu ya Kugonga

Jumamosi, 2 Mei 2026

Imegonga! Wiki nzima imeninunia, leo imegonga!

Msumari, waya mwembamba wa shaba nilioutoa kwenye feni iliyoungua, ulimi wa bati nilioukata kwenye kopo la maziwa ya unga, betri mbili za tochi. Basi, hapana zaidi. Ukibonyeza ulimi wa huku, msumari wa kule unavuta bati lake — tik! Ukiachia, bati linarudi. Ugonjwa wake ulikuwa kunata: likishavutwa haliachii. Dawa niliyoipata ni plasta ya kidonda, kipande kidogo juu ya kichwa cha msumari. Mwalimu wa fizikia mzima, namtibu msumari kama mtoto aliyejikwaa.

Dada Bashira akachungulia, akauliza ndicho hicho kilichonisahaulisha kununua samaki? Nikamweleza: simu ya kugonga, ya watoto, rahisi kuliko mpira, nitaiuza viwanjani Mnazi Mmoja Sikukuu ya Mfunguo Tatu, ile ya kuchinja. Akasema watoto wa leo wana simu za katuni, nani atababaishwa na msumari. Kisha akaigonga. Kisha akaigonga tena, alipodhani sitazami.

Jumatatu, 4 Mei

Herufi. Ile mitindo ya nukta na vistari nimeiacha, mtoto hatoishika kabla ya sikukuu nyengine. Nimepanga jedwali langu: safu tano, kila safu vyumba vitano. Unagonga nambari ya safu, unapumzika, unagonga nambari ya chumba. Irabu zote nimeziweka safu ya kwanza maana Kiswahili hakina neno lisilozitaka. Ch ina chumba chake. Chumba cha mwisho kilibaki kitupu, nikakiandika "nimekosea".

Sauti ilikuwa ndogo. Nimeukalisha msumari juu ya kopo tupu la biskuti — lo! Inasikika mpaka chini barazani. Najisifu, na sina haya.

Sasa nahitaji nyumba mbili za kujaribia.

Jumanne, 5 Mei

Nimeipata nyumba ya pili. Dirisha la marehemu Nabeel linatazamana na langu; kichochoro chenyewe chembamba, ukinyoosha ufagio unagusa ukuta wa pili. Nabeel, Allah amrehemu, tumecheza naye karata kwenye baraza hii tangu hatujaota ndevu. Kafa mwisho wa Ramadhani. Nilibeba jeneza lake. Mkewe Tahiya sasa ni kizuka, yumo ndani anakaa eda ya miezi minne na siku kumi, hatoki, haonani na mwanamume. Na Inaya, mtoto wao wa miaka tisa, anakaa dirishani kutwa kashika tama. Nikasema mwisho mmoja wa waya nimpe yeye.

Dada hakupenda. "We Shamsi, utapitisha waya nyumba ya kizuka? Mtaa huu hauna watoto wengine?"

Nikacheka. Nikamwambia ni kidude cha mtoto, si posa.

Akaenda kuomba ruhusa kwa Tahiya, akarudi na neno: kama kitamchekesha mtoto, sawa.

Jumatano, 6 Mei

Kimemchekesha. Neno lake la kwanza: BABU. Nikamgongea: BABU NANI? Akajibu: WEWE. Nilimsikia akicheka upande wa pili wa kichochoro.

Nakala za jedwali nimewagawia watoto wa mtaani. Wanu, yule binti wa nyumba ya kona, kalichukua lake kama kachukua cheti.

Jumamosi, 9 Mei

Siku nzuri. Watoto wamejaa barazani, mimi juu nagonga, wao chini wanasoma kwa masikio. Makopo mawili, moja dirishani kwangu na moja kwa Inaya, na yote mawili yanasikika. Nikigonga KUKU, wanapiga kelele "Kuku!" Wanu halitazami tena jedwali. Anafumba macho, anatikisa kichwa kama msomaji wa kasida, kisha anatoa neno zima. Mzazi mmoja keshauliza bei. Mwengine kauliza kama nitatengeneza ya waya mrefu.

Nilitamani Nabeel awepo. Angenitania mpaka magharibi.

Jumatatu, 11 Mei

Sijui niandikeje hili la leo.

Baada ya alasiri, kichochoro kimya, watoto wote wako chuoni wanasoma Kurani. Kopo langu likaanza. UMEKULA?

Nikajibu: NIMEKULA. MBONA HUJENDA CHUONI?

Kopo likagonga polepole: INAYA YUKO CHUONI. Halafu: MIMI MAMA YAKE.

Hapo ndipo pa kuondoka dirishani. Ningeshuka, ningeenda zangu msikitini, ningeenda hata kununua samaki! Nikagonga SAMAHANI. Haikutosha, nikaongeza: NA WEWE UMEKULA?

Akajibu: TANGU MSIBA WATU WANANAMBIA POLE TU. WEWE WA KWANZA KUULIZA.

Aligonga taratibu, herufi moja moja, na mara mbili akakosea, akagonga kile chumba cha mwisho, akaanza upya. Mimi nasubiri. Nilisubiri kwa raha — na hilo nalo liandikwe.

Dada hajui.

Jumanne, 12 Mei

Tena. Saa ile ile ya chuo. Tumezungumza mvua. Tumezungumza dari lake linalovuja upande wa jikoni. Kaniuliza kama ni kweli Nabeel alikuwa akiiba karata. Nikasema kweli, na sote tulijua. Kisha akagonga HA HA.

Hakuna baya lililosemwa. Naliandika mara ya pili: hakuna baya lililosemwa. Ila mtu asiye na baya hatazami kwanza kama dada yake yuko jikoni.

Jumatano, 13 Mei

Leo hakugonga. Nimesahihisha daftari moja tu la wanafunzi, sikio liko dirishani. Mtu mzima, mvi zinachungulia!

Alhamisi, 14 Mei

Ardhi ipasuke.

Nimerudi skuli kichwa kinaniuma kwa mkutano wa walimu. Sikuvua hata viatu, nikaenda dirishani moja kwa moja. Nikagonga UPO? Akajibu NIPO.

Nilitaka kusema vidole viliniponyoka. Uongo. Nililipanga kichwani, nikazihesabu safu, nikagonga herufi kwa herufi, na kila baada ya herufi nilikuwa na nafasi ya kuacha. EDA YAKO INAISHA LINI?

Nani kwetu asiyejua maana ya mwanamume kumuuliza kizuka swali hilo? Na siku aliyokufa Nabeel naijua, nilikuwepo, ningehesabu mwenyewe. Sikuuliza ili nijue.

Kimya. Nikaona keshakasirika, nikashukuru, wallahi nilishukuru. Kisha kopo langu likaanza kugonga, polepole, haliishi. MFUNGUO TANO.

Kanitajia mwezi. Nikafurahi! Kama kijana wa miaka kumi na minane nikafurahi, na furaha ile sijui niiweke wapi sasa.

Maana chini barazani zilipaa sauti kwa pamoja: "Mfunguo Tano!"

Na Wanu juu ya wenziwe wote: "Mie nimepata yote! Wa huku kauliza eda yako inaisha lini, wa kule kajibu Mfunguo Tano! Na jedwali sikutazama!"

Alhamisi! Chuo hakisomeshi Alhamisi! Utoto wangu mzima niliingoja Alhamisi kama sikukuu, na leo imepita mbele ya uso wangu sikuiona. Watoto wote wamo barazani. Na si watoto peke yao: muuza kahawa kakaa na wateja wake, vikombe vimesimama hewani. Mmoja akasema "Astaghfirullah" kwa sauti ndogo. Mwengine akacheka. Aliyecheka kaniuma zaidi.

Nilichungulia. Wenziwe wanampigia Wanu makofi. Inaya yumo kati yao, hapigi. Ananitazama mimi.

Ijumaa, 15 Mei

Sikusali msikiti wetu. Nimevuka mji mpaka Ng'ambo, nikasali safu ya nyuma kabisa kati ya watu wasionijua. Khatibu kazungumzia haki za jirani. Nilihisi kaletewa habari.

Waya nimeukata. Nimekata upande wangu tu. Ule wa pili sithubutu kuusogelea, unaning'inia ukutani kwake kila mpita njia auone. Hata kukata sikujua kukata.

Dada kaninyamazia tangu jana, kisha leo mchana, akinipakulia wali, kasema yote kwa mpigo. Inaya kajitia katikati. Kawaambia watu aliyekuwa akigonga ni yeye, alipanda juu, akajibu, akashuka. Watoto wenziwe wanajua alikuwa nao barazani. Wanu kaulizwa, kashuka macho, kasema hakumbuki. Binti asiyesahau herufi! Watoto wamefanya shauri lao la kumsitiri Tahiya, na mimi nimekwenda kujificha msikiti wa Ng'ambo.

Kisha Dada akasema la mwisho. Abdulwahid, kaka yake Nabeel, keshapata habari huko Mtoni. Kapiga simu. Kasema ikithibiti, atamchukua Inaya akamlelee yeye. Mtoto wa ndugu yake hatokaa nyumba inayoposwa kabla eda haijesha.

"Nlikwambia," Dada akasema.

Alinambia.

Jumamosi, 16 Mei

Abdulwahid yuko chini.

Alipiga hodi, nikafungua. Nilitaraji matusi, nikajiweka tayari kwa matusi. Kanipa mkono. Hilo ndilo lililonimaliza. Sura ya Nabeel ile ile, mpaka mwanya wa meno.

"Shamsi, mie sikuja kugombana," akasema. "Mtoto kashikilia lake, ndiye aliyekuwa akigonga. Nimempa kile kidude nikamwambia agonge jina la babaake, kaligonga, nikahesabu kwa jedwali, halina kosa. Sasa nnataka neno lako. Ulikuwa ukisema na mtoto au na mamaake? Ukisema mtoto, ntakuamini, ntarudi zangu Mtoni. Lakini useme hapo barazani, mbele ya watu, maana hapo ndipo liliposikika."

Nikamwambia nnakuja, navaa kofia.

Kofia ninayo kichwani. Nimekaa naandika.

Nikisema mtoto, Inaya anabaki na mamaake, na mimi ni mwalimu niliyemuuliza mtoto yatima eda ya mama yake. Wazee watawatoa watoto wao darasani kwangu. Simu za kugonga zote hizi zilizopangwa chini ya kitanda, hakuna atakayezinunua. Stahili yangu. Ila Inaya nitakuwa nimemtia muhuri kwenye uongo wake, mbele ya watu, mtoto wa Nabeel. Nikisema mama, nimemuuza Tahiya. Na liko la tatu, jepesi kuliko yote: kosa ni langu, yeye hakunitaka neno, mimi ndiye niliyemfuata ndani ya eda yake kwa waya, nihukumuni mimi. Nalijua. Nimelijua tangu Alhamisi. Ni ngazi tu hizi ndizo siziwezi.

Dada kasimama mlangoni.

"Shamsi."

"Naam."

"Mtu anakusubiri."

"Naam, Dada."

"Naam ya kwenda au naam ya kukaa?"

Nikageuza ukurasa. Kaondoka.

Chini wamekuwa wengi. Nasikia vikombe vya kahawa, nasikia mtu anamwambia Abdulwahid aketi, anakataa. Wanamngoja mtu mmoja. Nimalize mstari huu, nashuka.

Wamenyamaza. Ghafla, wote.

Komeo la dirisha linalotazamana na langu. Linafunguliwa. Sauti ya Tahiya — sijaisikia tangu siku ya msiba, nilikuwa nimeshazoea kumsikia kwa bati.

"Shemeji, mwachie mtoto. Hakugonga yeye. Nimegonga mimi. Na swali nimelijibu mimi."

Inaya analia.

"Na Mwalimu yuko wapi?" Tahiya anauliza. "Yupo huko juu? Mbona simuoni?"

Nipo. Nimekaa sakafuni, chini ya dirisha, asinione.