Picha Aliyoitanguliza Mama Kulwa

Jumatatu, 3 Juni
Picha za pasipoti asubuhi, maharusi mchana. Waya unaounganisha kamera na kompyuta umelegea tena, nimeubana kwa selotepu. Wateja wanaupenda mtambo huu: nikibofya tu, picha inatokea kwenye skrini. Nimeigeuza skrini iwaelekee wanaokaa kwenye benchi.

Kulwa amepiga simu. Tulisoma pamoja. Anaolewa mwezi ujao, anataka picha na mama yake. Mama huyo aliungua uso mtungi wa gesi ulipolipuka kwenye kibanda chake cha chakula, machimboni Mwakitolyo. Miaka sita hajapigwa picha.

Jumatano, 5 Juni
Siku mbaya. Wamekuja watano: Kulwa, mama yake, na shangazi watatu wa bwana harusi. Mama Kulwa alikuwa na sharti moja: nimpige upande wa kulia tu. Nikakubali. Kabla sijampanga nikabofya moja ya kupima mwanga. Niliisahau skrini. Uso mzima ukatokea, kovu lote, mbele ya benchi. Shangazi mmoja akaziba mdomo. Mwingine akatazama chini.

Mama Kulwa akajifunika khanga, akatoka. Kulwa akamfuata akilia.

Kosa ni langu. Nimeifuta ile picha. Haikusaidia.

Alhamisi, 6 Juni
Sikufungua studio. Nimeandika ujumbe mara nne, nimefuta mara nne. Kuomba radhi kwa simu ni uoga.

Jumamosi, 8 Juni
Nimekwenda Mwakitolyo. Wachimbaji wamejaa kwenye mabenchi, vumbi hadi kwenye kope. Mama Kulwa hupakulia nyuma ya pazia, binti mwingine ndiye anayepeleka sahani. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba bila kugeuka. Nikamwambia nimekosa, sina cha kujitetea. Akaendelea kupakua. Nikasimama tu.

Baadaye sana akasema, "Kovu nalijua, mwanangu. Nalinawa kila siku. Kilichoniuma ni kwamba wale waliniona kabla sijajiona."

Njia nzima ya kurudi sikuwaza kingine.

Jumatatu, 10 Juni
Nimempigia Mama Kulwa. Nimemweleza kuwa kwa waya ule kamera inaweza kubofywa kutoka kwenye kompyuta. Atakaa peke yake, skrini imwelekee yeye. Asiyoipenda ataifuta, hakuna atakayeiona.

"Hata wewe?"

Nikasema hata mimi. Akasema atakuja Jumatano.

Jumatano, 12 Juni
Amekuja na Kulwa, basi. Nimeweka kamera kwenye stendi, nimemwonyesha vitufe viwili vya kompyuta, cha kupiga na cha kufuta. Mimi na Kulwa tukakaa kibarazani, mlango umefungwa.

Kamera ikalia. Kimya. Ikalia tena. Kimya kirefu. Ikapita karibu saa nzima. Kulwa akataka kuingia, nikamzuia. Nilikuwa naogopa kuliko yeye. Niliona kama nimemfungia mama wa watu ndani na maumivu yake.

Kisha akaita, "Kulwa, njoo. Nimechoka kukaa peke yangu humu."

Walipiga pamoja. Niliwasikia wakicheka, wakisemezana Kisukuma. Mama Kulwa alipofungua mlango akaniambia zimebaki mbili, nizitazame. Katika zote mbili uso wake mzima unaonekana, kulia na kushoto.

Walipoondoka nililia. Sioni haya kuliandika.

Ijumaa, 14 Juni
Mama Kulwa amekuja peke yake. Ana dada yake anayeishi Nkome, anaanika dagaa kando ya ziwa. Hajakanyaga kwake tangu aungue. Anakwenda Jumapili. Ametaka nimtumie dada huyo picha moja kwenye simu.

"Itangulie," amesema. "Ashtuke sasa, nikifika awe amemaliza."

Nimetuma. Yeye akakaa kwenye benchi, mimi nikajifanya nafagia. Jibu limechelewa kidogo. Nimempa simu asome mwenyewe.

*Umekonda. Unakula?*

Amesoma, akasoma tena. Akanirudishia simu, akaniambia nimjibu kuwa anakula.