Kila Nyungu na Mwenye Yake

Clarisse, mujukulu wangu,

Miye kambo yako njo naandika. Usicheke maandiko yangu. Nilisoma myaka ine tu, lakini weye mwenye diplome ya université ya Kasapa njo ulikosa adabu: ukafwa mbele yangu. Nani alikufundisha kupita bakubwa ku mulango?

Tangu tulikuzika, nyumba ya hapa Bel-Air iko kimya. Hakuna tena muntu wa kugombana na Trezor, rafiki yako wa kazi, pa meza yangu. Mulikuwa munatengeneza ile site ya internet, yetu siye bamama benye kupika chakula cha fête na harusi, bantu baagize bukari na sombe, majani ya muhogo, ku telefone. Trezor alitaka programu ifuate njia: kwanza hii, kisha ile, kutoka juu mupaka chini. Weye ukakatala. "Hapana! Kila kintu kikuwe objet, kijue kazi yake chenyewe!" Yeye akajibu: "Unajenga kiwanda muzima juu ya kupika yai moja!" Bukari inapoa, mweye munapiga kelele. Nikasimama upande wa Trezor. Nikakuambia: "Bukari iko na njia moja: maji, moto, bunga, kukoroga. Weye unapenda kuchanganya bintu." Ukanuna siku mbili. Kichwa nguvu, sawa baba yako.

Sasa sikia. Ku kilio yako, pale matanga, Mama Beya, mwenye kupika sombe, akaanguka na malaria siku ya pili. Chakula hakikusimama. Mama mwingine akakamata nyungu ile. Wa bukari aliendelea, wa samaki aliendelea, hakuna aliuliza kitu. Nilikuwa nimekaa pa mukeka, macho yamevimba, nikasema: aa, njo hii ule mutoto alikuwa anasema: kila nyungu na mwenye yake.

Kisha Trezor akaleta masini yako, ile kompyuta ya kazi. "Kambo, nitaifuta programu yote, niandike upya kwa njia yangu. Clarisse hakumaliza sehemu ya kuagiza." Moyo ikanikata. Mukono yako iko mule ndani, na hauna tena mukono ingine ya kuandika. Nikamuambia: "Usimwange nyungu hauyaonja. Tafuta ile moja haiyaiva, upike ile tu."

Akasoma, akanung'unika, akasoma tena. Mwisho akasema: "Kambo, ni ile moja peke inakosa. Zingine zote zinajua kazi yao." Akalia, ule mujinga. Nikamupa bukari.

Akamaliza ile moja tu, na site inatembea, mama. Siku ya posho, Jumamosi ilipita, tulipikia harusi moja kule Kipushi.

Lakini usivimbe kichwa! Trezor alinionyesha: ndani ya kila objet yako, mistari inafuatana, moja kisha ingine, maji kisha bunga. Basi mulipozesha bukari yangu bure, mweye bote babili.

Lala, Clarisse. Nakuahidi: hakuna muntu ataifuta kazi yako wakati miye niko muzima. Na siku nitafika kule, usinikimbilie na mikono wazi. Kwanza utaomba pardon juu ya kupita mbele yangu. Kisha njo nitakukumbatia.

Kambo yako