Mitumbwi Isiyo Yetu

Deo, mjukuu wangu,

Hapa Nkanka tuko wazima. Koko, bibi yako, mguu umepona. Mimi bado naburuta mtumbwi peke yangu, na watu wanne wamekaa ndani.

Lakini barua yako imenichoma roho! Unataka niambie banki ya Kigali kwamba nakulipa mshahara mkubwa, ili wakupe mkopo wa nyumba? Mshahara gani, Deo?

Marehemu babu yako, kaka yangu, aliuza sambaza, samaki wale wadogo, kwenye meza moja sokoni Kamembe. Akatamani nyumba ya ghorofa. Muntu wa banki alipokuja kumkagua, tulimleta hapa ziwani tukamwonyesha mitumbwi ya wengine kama ni ya babu yako. Bavuvi tulishawapanga wamwite babu yako Patron, bosi wao. Mmoja akazidisha: "Patron, mshahara wetu utatupa lini?" Muntu wa banki akacheka, akaamini kabisa. Na mimi nikamdakia huyo wa banki: "Papa, hii ni nusu tu! Mingine iko majini!"

Mkopo ukatoka. Kila mwezi banki ikadai pesa ya mitumbwi, na meza ikaleta pesa ya meza. Nyumba ikapigwa mnada, Koko amesimama barabarani na masufuria yake. Ulidhani anaishi kwangu kwa kupenda?

Kando ya ziwa hili hakuna muongo wa kunishinda, na najivunia. Lakini uongo huo wako sitausema! Waambie banki mshahara wako wa kweli. Wakikupa chumba kimoja, Koko atakuja kukizindua, na masufuria yake.

Ni mimi, mwenye hasira,
Tonton wa Nkanka