Nimdanganye Tena Binti Yangu ili Kaka Yake Apone?

Mama Aurelia, shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, gazeti likifika kwa muuza vocha pale Mlabani huwa naanza na ukurasa wako hata kabla ya matangazo ya vifo, nacheka ya wenzangu, nasikitika ya wenzangu, na leo zamu yangu imefika, naomba unisikilize mpaka mwisho na unisaidie, maana nimefika mlangoni kwa padri mara mbili nikageuza.

Mimi ni mke wa mtu, tunalima mpunga hapa Katindiuka, na Mungu ametujalia watoto wawili. Wa kwanza ni Gosbert, ana miaka kumi na minne, anaumwa selimundu tangu hajaanza kutembea, na wewe uliyekuwa nesi sina haja ya kukusimulia, wingu likitanda tu mtoto anaanza kulia mifupa, macho yanageuka njano, tunapanda bodaboda kukimbilia kuongezewa damu, na mwaka jana akiwa darasani akapata kiharusi, mtoto Mama, kiharusi, mkono wa kulia mpaka leo haushiki kalamu sawasawa. Wa pili ni Yosefina, ana miaka kumi, mzima, hata mafua hayamjui, na ndiye anayemkanda kaka yake miguu kwa maji ya moto maumivu yakija, kwa sababu Gosbert anasema mikono yangu mimi inatetemeka.

Baada ya kile kiharusi daktari wa kliniki akatuita mimi na mume wangu Hermenegildi akatuambia siku hizi hata hapa nchini wanapandikiza uboho, wao wanauita uloto, kwamba ndani ya mfupa mna seli shina ambazo ndizo zinazozaa damu yote, na za Gosbert zinazaa damu mbovu, sasa akiwekewa za mtu asiyeumwa zinazoendana na zake anaweza kupona kabisa, lakini bora zaidi zitoke kwa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, kwa hiyo Yosefina apimwe.

Hapa ndipo nilipokosea. Yosefina anaogopa hospitali kwa sababu ya yote anayoyaona kwa kaka yake, na sisi watu wa Ifakara tumezoea kutolewa damu, tangu sisi wenyewe wadogo watu wa utafiti wa malaria wanapita, kidole kinachomwa, mtoto anapewa biskuti anakwenda zake kucheza, basi nikamwambia mwanangu twende, ni damu ya malaria tu. Nesi alipomuuliza kama anajua anapimwa nini nikadakia kabla hajafungua mdomo. Majibu yakaja kwamba wanaendana kabisa, nikachinja kuku, nikapika wali, tukala kwa furaha, na Yosefina naye akala bila kujua tunasherehekea nini, akaniuliza tu, mama, mbona majibu yangu ya malaria hayaletwi?

Sasa mume wangu hana siri kwa mtani wake, Mzee Alphonce, akamweleza. Tukaja kuanua matanga ya baba mkwe, na unajua watani wakiingia msibani hawana breki, Mzee Alphonce akachukua mfupa kwenye sufuria ya nyama mbele ya watu wote, akaufyonza mpaka ukalia, akamnyooshea Yosefina, akasema, "Na huyu zamu yake inakuja, wazungu wa hospitali watamfyonza uboho abaki filimbi, tutampuliza kwenye harusi." Watu wakacheka. Mimi nilimwona mwanangu akiweka sahani chini polepole. Alimfuata baba yake akamuuliza, baba yake akacheka, akamwambia huo ni utani. Kesho yake akaondoka na mama yangu kwenda Mngeta, na hajarudi.

Nimemfuata. Nilimkuta shambani kwa bibi yake anaamia ndege wasile mpunga, hakuja kunipokea mzigo, akaniuliza akiwa ameshika kombeo, "Mama, ile damu ilikuwa ya nini?" Nikamwambia. Akasema, "Kwa hiyo mlinizaa kwa ajili ya mifupa?"

Mama Aurelia, nilinyamaza. Nilinyamaza kwa sababu ni kweli, au nusu yake ni kweli. Gosbert alipokuwa na miaka mitatu daktari mmoja mgeni alitwambia kwamba India watoto wa namna hii wanatibiwa kwa uboho wa ndugu zao, na mimi nilikuwa nimeapa sizai tena kwa hofu ya kupata mwingine mgonjwa, lakini tulipotoka pale mume wangu akasema tujaribu, huenda Mungu akatupa dawa. Hakuna anayejua zaidi yetu wawili. Mtoto wangu alinitazama nilivyonyamaza, akarudi kwa ndege wake.

Hospitali wametupangia kupokewa baada ya mavuno. Mume wangu anasema tusipoteze muda kubishana na mtoto, tumwambie tunakwenda kununua gauni la komunyo ya kwanza, akishafika atachomwa usingizi, ataamka kila kitu kimekwisha, na siku moja atatushukuru. Jirani yangu naye anasema ya nini yote hayo, kuna dada Mlabani anauza unga wa seli shina kwenye pakiti, unakoroga na maji, miezi mitatu mtoto amepona na vidonge vyake anaacha. Gosbert amesikia yote kupitia dirishani, akaniambia, "Mama, kama Yosefina hataki, mwacheni. Mimi nimeshazoea." Mtoto wa miaka kumi na minne anasema amezoea, Mama, mimi nilikwenda nyuma ya jiko nikalia mpaka kanga ikaloa.

Niambie, nikimdanganya mara hii moja tu ili kaka yake aishi, ni dhambi? Na nikikaa kimya nikamzika Gosbert, hiyo itaitwaje?

Mama wa Wawili,
Katindiuka

* * *

Mama wa Wawili, marahaba. Pole, na siisemi kwa mazoea. Nimefanya kazi wodi ya watoto miaka mingi na hao wa selimundu nawakumbuka kwa majina, wengine nimewafumba macho kwa mkono wangu. Barua yako nimeisoma, nikaiweka pembeni, nikanywa chai, nikairudia.

Sasa nikugombeze. Hapana, usimdanganye. Njia ya mwongo ni fupi, na yako imeishia kwenye sufuria ya matanga. Unamlaumu Mzee Alphonce? Mtani ana haki yake msibani, na ingawa aliupindisha ukweli na kuutia pilipili, ndiye mtu mzima pekee katika ukoo mzima aliyemwambia mtoto kinachomngoja. Aibu hiyo si yake. Na wewe Baba Gosbert, najua mkeo atakusomea hapa: ukimlaza binti yako usingizi kwa hila ya gauni la komunyo, usitegemee atakuja kukushukuru. Atakuwa mwanamke mzima asiyekubali kufumba macho mbele ya mtu yeyote. Halafu daktari anayejua kazi yake atamuuliza mtoto mwenyewe, wala safari hii mkeo hataweza kudakia.

Huo unga wa pakiti achana nao. Seli shina za kumtibu mwanao zinatoka kwenye mfupa wa mtu aliye hai, zinaingia kwa mshipa, hospitali, baada ya maandalizi mazito. Hazikorogwi kwenye kikombe. Dada wa Mlabani na yeye ana watoto wa kulisha, lakini asiwalishe kwa uhai wa wako. Gosbert akiacha vidonge vyake hata kwa siku chache anaweza kupata kiharusi cha pili.

Turudi kwa Yosefina. Nenda Mngeta, mwende wewe na baba yake, na Mzee Alphonce mmpakie pia, akamwambie kwa mdomo wake kwamba hakuna mtu atakayefyonzwa. Kisha ninyi wazazi mkae chini, chini kabisa, mumwombe radhi kwa damu ile. Usianze na kaka yake. Anza na radhi, umalize, unyamaze, umwache alie au akasirike apendavyo.

Ndipo mweleze. Atalazwa usingizi, sindano itaingia kwenye mfupa wa nyonga kwa nyuma, atatolewa sehemu tu ya uboho, na mwili wake utaurudisha ndani ya wiki chache. Ataamka na maumivu ya mgongo ya siku kadhaa, kama mtu aliyepanda mpunga kutwa. Hatari kwake ni ndogo, lakini usimwambie haipo, kwa sababu usingizi wa hospitali una hatari zake na ameshachoka kuambiwa hakuna kitu.

Kwa Gosbert mambo ni mazito zaidi, na sijaona popote kwenye barua yako kwamba mmemweleza yeye. Atapewa dawa kali za kuua uboho wake wote kabla ya kuwekewa mpya. Nywele zitanyonyoka, atatengwa wiki nyingi, na mafua tu yanaweza kumwangusha. Wengi wa watoto waliopata kwa ndugu anayeendana hupona. Wapo wanaokataliwa na uboho huo mgeni, wapo wanaokufa. Na dawa zile zinaweza kumnyima watoto wa kwake baadaye, jambo ambalo kijana wa miaka kumi na minne ana haki ya kulisikia kabla, si baada. Anasema amezoea. Hajazoea, Mama, anakulinda wewe. Kaeni naye mumuulize anataka nini, na mara hii awe ndani ya chumba, asisikilizie dirishani.

Mkifika hospitali, ombeni Yosefina apewe daktari wake, tofauti na wa kaka yake, azungumze naye bila ninyi kuwepo. Huyo daktari kazi yake iwe kumtazama Yosefina tu. Na ahadi hii aisikie kutoka kwenu mapema: akitoa uboho na Gosbert asipone, hakuna kosa lake. Watoto huwa wanajihukumu kimya kimya, nimewaona.

Lile swali lake. Ulinyamaza, na yeye akalisoma jibu usoni pako, kwa hiyo hakuna cha kuficha. Mwambie ndiyo, tulikuwa tunatafuta dawa ya kaka yako, na tulikuwa tumekata tamaa. Halafu umwambie na yaliyofuata, ambayo hukuniandikia lakini unayo: nani alimpa jina, siku alipocheka mara ya kwanza, ulivyoisahau hiyo dawa mwaka wa kwanza mzima kwa sababu ulikuwa umeshika mtoto. Kila mmoja wetu amezaliwa kwa sababu fulani. Wengine wazee walitaka dume, wengine bibi alitaka wa kumrithi jina, wengine mvua ilinyesha siku tatu watu hawana pa kwenda. Hakuna anayedaiwa sababu hiyo baada ya kuzaliwa. Mwambie hivyo, na uwe unaamini unapoyasema, kwa sababu huyo binti amefundishwa na ninyi wenyewe kunusa uongo.

Na akisema hapana? Hili ndilo uliloogopa kuniuliza. Akisema hapana, ni hapana. Mpe muda, rudieni kuzungumza mara moja kama mwenyewe ataleta habari, ila msimtumie shangazi wala padri kumlainisha, wala msimwambie neno "muuaji" hata kwa kulizungukia. Mrudisheni nyumbani. Gauni la komunyo anunuliwe kwa sababu ya komunyo. Gosbert aendelee na vidonge, na kliniki msiikose hata siku moja.

Umeniuliza itaitwaje ukimzika Gosbert. Itaitwa msiba, Mama, na utakuwa mkubwa kuliko yote uliyoyaona, sitakudanganya. Lakini usiugeuze ukawa wa watoto wawili. Ndiyo maana nakuomba hili, gumu kuliko yote niliyokwambia: siku Gosbert atakapoumwa tena, umemshika miguu, analia, usigeuke kumwangalia Yosefina.